Mafua ya Fundi Sentimita

Siku Fundi Sentimita alipokata koti lenye pande mbili za kushoto, mkewe alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka meza ya kukatia, akishona vifungo, na hakuona kitu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote. Miaka thelathini na minne walikuwa wakifanya kazi katika chumba kimoja, mume akikata na kushona kwa cherehani, mke akimalizia kwa mkono: vifungo, matundu yake, pindo za suruali. Ndiyo maana wateja walimwita yeye Mama Vifungo. Mumewe wakamwita Sentimita, kwa kuwa hakuwahi kukosea hata moja. Walikuwapo walioapa kwamba anaweza kukupima akikutazama unavuka barabara.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mwalimu mkuu aliyekuwa akistaafu mwisho wa mwezi. Kizito, cha kijivu, chenye mistari myembamba, zawadi ya binti yake kutoka ng'ambo. Mji mzima haukuwa na kingine kama hicho. Sasa, kitambaa cha mistari hakikatwi kikiwa kimekunjwa, maana mistari haitaoana. Hukatwa upande mmoja mmoja, na ukishakata wa kushoto, unaigeuza ile karatasi yenye umbo la kukatia ndipo ukate wa kulia. Mwanafunzi wa wiki ya pili anajua hivyo. Fundi hakuigeuza.

Mwalimu alikuja kujaribu, akaingiza mkono wa kushoto, akatafuta pa kuingiza wa kulia.

"Fundi, hiki nini?"

Fundi akavishika vile vipande viwili, akavisogeza mbali na macho, akavirudisha karibu. "Koti," akasema.

"Naona ni koti. Nakuuliza mimi nina vifua vingapi vya kushoto?"

Fundi akafungua mdomo kujibu, ulimi ukagoma kubanduka. Akatafuta kikombe cha maji mezani, akakisukuma kikaanguka, maji yakalowesha kitambaa. Mwalimu akamgeukia Mama Vifungo, akamsemesha kana kwamba yule mwenye chumba hayumo chumbani.

"Mama, mzee huyu yuko sawa? Huwa anajua leo siku gani?"

"Ana mafua tu, mwalimu."

"Mafua hayakati kitambaa," mwalimu akasema, akachukua mabaki yake yote, hata vipande vya kwapa, akaondoka akiwa amevikumbatia. Kabla jua halijatua, kila aliyewahi kufundishwa na mwalimu huyo, nao ni nusu ya mji, alijua kwamba Fundi Sentimita amechanganyikiwa.

*

Mafua yalikuwa yameanza wiki tatu nyuma, hoteli moja ilipoleta lundo la mapazia ya zamani yapunguzwe urefu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa fundi huyu ilikuwa kweli tupu. Alikung'uta pazia la kwanza, vumbi likajaa chumba, akapiga chafya kumi na saba mfululizo. Mama Vifungo alizihesabu huku akicheka. Jioni macho yakawa mekundu, mikono ikatoka vipele vya kuwasha. Dawa yake ilikuwa kuyafua yale mapazia na kufungua dirisha. Lakini Mama Vifungo alimtajia binti yake kwenye simu, na katika familia ile ukimtajia mmoja umewatajia wote.

Walikuwa na watoto watatu, wote wakubwa, wote na nyumba zao, na wote walijulikana zaidi kwa tabia zao kuliko kwa majina. Kifungua mimba alikuwa msimamizi wa ghala la saruji. Walimwita Mwenyekiti, hata mkewe alimwita hivyo, kwa sababu hapakuwa na jambo, liwe msiba au bomba lililopasuka, ambalo hakuliitishia kikao. Wa pili, binti, aliuza vipodozi, lakini aliwahi kukaa miezi minne mapokezi ya zahanati, basi tangu siku hiyo akawa mtu wa afya. Familia ilimwita Daktari. Wengine walimwita kwa heshima na wengine kwa kumcheka, naye hakuwahi kujua tofauti. Kitinda mimba walimwita Nakuja, kwa kuwa ndilo neno pekee alilowahi kuwapa wazazi wake kwa wingi.

Daktari ndiye aliyetangulia. Alifika na pakiti ya vidonge vidogo vya njano kutoka duka la dawa la njia panda, akaviweka mezani kama mtu anayeweka mahari.

"Baba, huo ni mzio. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku."

"Havina madhara?" Mama Vifungo akauliza.

"Mama, jamani! Hivi hata mtoto anapewa. Havihitaji hata cheti cha daktari."

Akampiga baba yake picha akimeza cha kwanza, akaituma kwenye kundi la familia. Shangazi wanane wakammiminia baraka. Kaka yake alizisoma baraka hizo moja moja akiwa ghalani, zikamkaa kooni. Siku mbili baadaye akatokea na boksi lenye chupa ya dawa nyekundu ya maji, na kijiko chake ndani.

"Vidonge vya bei ya peremende vitamsaidia nini mtu mzima?" akasema. "Hii ni ya duka kubwa, lile la vioo. Vijiko viwili, mara tatu. Wala usimwambie Daktari, atanuna."

Nakuja hakuja. Alisikia kwamba baba anawashwa hata usingizi haupati, akamtuma mwendesha pikipiki na vidonge vya rangi ya buluu, vya mafua ya usiku, pamoja na ujumbe: "Viwili kabla ya kulala. Nakuja Jumamosi." Ni Jumamosi ipi, hakuandika.

Tangu hapo simu ya Mama Vifungo haikupumua. Asubuhi Daktari: "Baba amemeza vyangu?" Mchana Mwenyekiti: "Baba amekunywa yangu?" Usiku Nakuja: "Vyangu anavitumia, au mnavitumia vya wale tu?" Hakuna aliyeuliza kama baba amekula. Naye Mama Vifungo alikuwa mtu wa utaratibu, mtu wa kuhesabu vifungo kabla ya kushona na baada ya kushona. Alizipanga dawa zote tatu kwenye rafu ya nyuzi, akamnywesha mumewe kila moja kwa saa yake, asiruke hata tone, mtoto yeyote asije akasema amebaguliwa. Alijiambia za njano ni za vipele, nyekundu ni ya kifua, za buluu ni za usingizi. Kila moja na jina lake, kila moja na boksi lake. Ndani ya boksi la Mwenyekiti mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, akaikunjua, akakuta maandishi madogo kama sisimizi.

"Achana nayo," Daktari alimwambia kwenye simu. "Hizo kampuni huandika kila kitu wasije wakashtakiwa. Ukisoma hizo karatasi hutameza hata maji."

Na ukweli usemwe: chafya zilikoma. Hilo ndilo lililowapumbaza wote.

Kilichofuata kilikuja polepole. Kwanza alikosa mate. Maisha yake yote fundi alikuwa akilowesha ncha ya uzi kwa ulimi ndipo autunge kwenye sindano, na sasa ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha turubai, uzi ukimchanuka kila mara. Alifanya mzaha. "Mke wangu, mate yamekwisha. Niazime yako." Mama Vifungo akawa anamtungia sindano. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Halafu usingizi: alilala akiwa ameketi, mguu juu ya pedali, cherehani ikajiendea yenyewe na kushona pindo la suruali ya watu pamoja na mkono wa shati lake mwenyewe. Halafu choo. Akienda haja ndogo alikaa huko hadi mkewe agonge mlango.

"Unafanya nini humo?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Hata mimi sijui. Naona kama kimefungwa."

Mama Vifungo aliwaeleza watoto, mmoja mmoja, kwa simu. Mwenyekiti akasema, "Ni uzee, mama." Daktari akasema, "Ni uzee, ila asikatize dawa." Nakuja akasema anakuja.

*

Habari za koti zilipomfikia Mwenyekiti, hakupanda basi kwenda kumwona baba yake. Alitafuta karatasi, akachapisha ajenda.

Walikutana Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwenye sebule ya wazazi. Hata Nakuja alikuja, kwa kuwa alisikia kuna mali itakayozungumzwa. Baba yao walimketisha kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha. Alikuwa amekonda uso, mboni za macho zimepanuka, ngozi nyekundu na kavu. Vidole vyake havikutulia. Alikuwa akiokota nyuzi hewani, nyuzi zisizokuwapo, akizivuta, akizikata kwa meno, akizitunga kwenye sindano isiyokuwapo, na kushona paja la suruali yake kwa ustadi wote. Mama Vifungo aliketi chini mkekani karibu naye. Kila baada ya muda aliushika ule mkono akautuliza, nao ukamponyoka, ukarudi kazini.

"Penye wengi hapaharibiki neno," Mwenyekiti akafungua kikao. "Tumekutana kwa sababu ya hali ya baba. Sote tunaiona. Tusifichane."

"Nimesoma kwenye simu," Daktari akasema. "Ubongo unasinyaa. Hauna dawa, lazima tukubali."

"Wiki nne zilizopita alikuwa anakata suti," Mama Vifungo akasema.

"Mama, uzee hautoi taarifa."

"Haugongi hodi pia? Jumatatu mzima, Jumatatu ya pili anashona hewa?"

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Mama, tafadhali, utapewa nafasi kwenye mengineyo."

Kuwekwa kwenye mengineyo, nyumbani kwake mwenyewe, na mtu aliyemfunza kujifuta kamasi! Mwenyekiti akaendelea. Mambo yalikuwa matatu. Chumba cha kazi kingefungwa, ufunguo wake alikuwa ameshautia mfukoni, na kwa bahati nzuri alikuwa ameshapata mpangaji, kijana muuza simu, mtu makini, ambaye angeingia mwanzo wa mwezi. Baba angekaa kwa zamu, miezi miwili kwa kila mtoto. Mama angeenda kwa Daktari, akamsaidie kulea.

"Na mimi na mume wangu tutaonana lini?"

"Tutawakutanisha sikukuu," Nakuja akasema, na alidhani amesema neno la huruma.

Mama Vifungo akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Aliwazaa kwa uchungu, akawavisha kwa mikono yake, hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda shule na kifungo kilicholegea. Sasa wamekaa wanawagawa yeye na baba yao kama vyombo vya marehemu, na marehemu mwenyewe yuko hapo dirishani anapumua. Aliona haya, tena haya ya mzazi, isiyo na pa kuiweka. "Chumba kile ni chake," akasema. "Na mimi nafanya kazi mle. Mkikifunga mmenifunga na mimi."

"Ndiyo maana tunataka ridhaa yake," Mwenyekiti akasema, akatoa karatasi kwenye mkoba. "Hatumnyang'anyi mtu. Baba! Baba, unanisikia? Leo ni siku gani?"

Alipaza sauti, akayatenga maneno, kama mtu anayeongea na mtoto au na mgeni asiyejua lugha. Fundi akageuka taratibu. "Leo kaka anakuja kuchukua suruali zake," akasema. "Mwambieni bado pasi."

Kaka yake alikuwa na miaka kumi na moja kaburini. Daktari akajifuta machozi, na kabla ya kujifuta akahakikisha wenzake wameyaona. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mmeona. Hataweza kusaini. Ataweka dole gumba."

Mtu yule alikuwa na mwandiko ambao wateja walikuwa wakiomba awaandikie barua. Daftari zake za vipimo zilijaa tarakimu zilizonyooka mstari baada ya mstari. Sasa mwanawe wa kwanza alimshika kiganja, akafungua kikopo cha wino, akakipaka kidole kile rangi ya buluu, na Nakuja akashika bega ili mzee asiyumbe. Mzee hakukataa. Alikitazama kidole chake akakifuta kwenye suruali, nao wakakipaka tena.

"Msogezeni mezani," Mwenyekiti akasema.

Wakamnyanyua, na kiuno kilipojikunja fundi akapiga yowe. Halikuwa yowe la mtu aliyechanganyikiwa. Mama Vifungo alilijua, kwa kuwa alishawahi kulipiga yeye mwenyewe mara tatu, kwa ajili ya hao hao waliokuwa wamemshika. Akaruka kutoka mkekani, akawasukuma, akaifunua fulana. Tumbo la chini lilikuwa limevimba, gumu, linang'aa.

"Umekojoa lini?" akamuuliza mumewe sikioni. "Niambie mimi. Lini?"

Fundi akamtazama kwa macho yasiyoona vizuri. "Kimefungwa," akasema, akaanza kulia.

*

Daktari wa zamu hospitalini, daktari wa kweli, alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya raba. Aliwatoa wote nje ya pazia, akaita muuguzi, wakampitishia fundi mpira. Mfuko ukajaa, wakaubadilisha, ukajaa tena. Mama Vifungo aliusikia mkojo ukishuka, akasikia na pumzi ya mumewe ikitulia, akamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakuwahi kufikiri mtu humshukuria Mungu.

Msichana akatoka akiwa anafuta mikono. "Mbona kidole chake kina wino?"

Wote wanne wakatazama sakafu.

"Alikuwa anasaini," Daktari wa vipodozi akasema.

"Anasaini nini, katika hali ile?" Hakungoja jibu. "Anatumia dawa gani?"

Hapo ndipo nyuso zilipochangamka. Swali hilo walikuwa wamelingojea wiki tatu. "Mimi ndiye niliyemwanzishia," Daktari wa vipodozi akasema. "Vidonge vya njano." Mwenyekiti akasogea mbele ya dada yake. "Hivyo ni vya kawaida. Mimi nilimletea ile ya maji, ya duka kubwa, na bei yake—" Nakuja akawapita kwa bega. "Vya usiku ni vyangu. Mama ni shahidi." Wakamwelekea mama yao, naye akavitoa kwenye mkoba wake vyote, chupa na boksi na pakiti, akavipanga kwenye benchi kwa utaratibu ule ule wa rafu ya nyuzi.

Msichana akainua pakiti ya njano, akaigeuza nyuma, akasoma. Akainua chupa, akaigeuza, akasoma. Akainua za buluu. Kisha akaketi kwenye benchi kando ya dawa, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nani alikuwa anampa?"

"Mimi," Mama Vifungo akasema. "Zote. Kwa saa zake. Sikuruka hata siku moja."

"Mama, hizi zina majina matatu kwa mbele. Geuza nyuma, soma hapa chini." Akaweka ukucha chini ya mstari mmoja mdogo, kwenye boksi, kwenye chupa, kwenye pakiti. "Hii, hii na hii. Dawa ni ile ile moja ya mafua na mzio. Mmempa kipimo cha watu watatu kila siku, kwa wiki tatu. Tena mtu wa miaka sabini, ambaye hata kipimo cha mtu mmoja kingeweza kumsumbua. Hukausha mdomo. Huleta ukungu machoni. Hufunga choo, hufunga mkojo, hasa kwa wazee wa kiume. Ikizidi humfanya mtu aone visivyokuwapo, aongee na wafu. Mlikuwa mnaona nini nyumbani?"

"Tulidhani ni uzee," Nakuja akasema.

"Nani alipima?"

Daktari wa vipodozi akajikaza. "Lakini hizi zinauzwa hivi hivi dukani. Yule muuzaji hakutuuliza kitu chochote."

"Hata kisu kinauzwa hivi hivi dukani," msichana akasema, akaziokota dawa zote na kuzitia kwenye mfuko wa takataka. "Na karatasi ya ndani? Hamkuisoma?"

Mama Vifungo hakumtazama binti yake. Angeweza kumtazama, na binti angeyeyuka pale pale, lakini alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe iliyompa mumewe kijiko baada ya kijiko. Alijidharau kwa muda mrefu kwenye benchi lile. Alikuwa mtu wa kuhesabu, na kitu kimoja hakukihesabu.

*

Siku ya tatu baada ya kikao, asubuhi, fundi aliamka, akamtazama mkewe, akasema, "Koti la mwalimu nimeliharibu. Au niliota?"

"Hukuota."

"Pande mbili za kushoto."

"Ndiyo."

Akafumba macho, akayafumbua. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya shuka, vimetulia. Mama Vifungo akaweka kichwa chake juu ya vidole hivyo, akalia mpaka muuguzi akapita na kurudi kinyumenyume.

Mchana walifika watoto, na matunda. Walisimama upande mmoja wa kitanda kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na picha yenyewe Daktari aliipiga kweli. Hakuna aliyesema samahani. Mwenyekiti alizungumza habari za hali ya hewa, kisha akakohoa.

"Baba, tumshukuru Mungu. Sasa, lile suala la chumba cha kazi. Mama atakuwa amekueleza. Ni kwamba yule kijana wa simu nimeshampa neno langu, na wewe bado unahitaji kupumzika, kwa hiyo naona tungeendelea tu kama tulivyokuwa tumekubaliana."

"Tumekubaliana nani na nani?"

"Kikao, baba."

Fundi akajiinua kwenye mto. Sauti bado ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yalinyooka. "Neno ulilompa ni lako. Mpe na chumba chako."

"Baba, mimi nafikiria afya yako. Umri huo, na baada ya haya yote, hatuna hakika kama—" Akageuka kuwatafuta wenzake, nao walikuwa wakimenya machungwa. "Basi tuhakikishe tu. Leo ni siku gani?"

Chumba kizima cha wagonjwa kilisikia, kwa kuwa aliuliza kwa ile sauti yake ya kikao. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Fundi alimtazama mwanawe kwa muda, kuanzia kiatu hadi kola, kwa jicho lile ambalo watu walisema linaweza kupima mtu akivuka barabara.

"Leo ni Jumatano," akasema. "Shati lako ni kubwa kwako shingoni kwa vidole viwili, na umelinunua hivyo uonekane mnene. Nirudishie ufunguo wangu."

Mwenyekiti akatafuta mfuko wa kulia, akatafuta wa kushoto, akautoa.

*

Chumba cha kazi kilifunguliwa. Mapazia ya hoteli yalifuliwa mara mbili, yakakung'utwa nje, fundi akafungua dirisha na kufunga kitambaa puani, na mafua hayakurudi. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni wateja. Mwalimu mkuu alistaafu kwa suti yake ya zamani, na kila aliyemwuliza kwa nini, alimweleza. Fundi alimwendea nyumbani kumwomba radhi na kumweleza habari za dawa, naye mwalimu akamwambia kwa sauti kubwa, akiyatenga maneno: "U-si-ja-li, mzee wangu. Pumzika." Akampigapiga begani.

Walioleta kazi waliileta ndogo. Zipu. Kiraka. Pindo la suruali ya kazini. Walisimama pale pale mlangoni, mikono nyuma, wakimwangalia mkasi wake kama watu wanaomwangalia mtu aliyepanda juu ya paa. Wengine walimpita fundi wakampa Mama Vifungo vipimo. Alivipokea, akamkabidhi mumewe mbele yao, bila neno. Fundi aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka, naye bila neno.

Kwa upande wa watoto, mambo yalikuwa mazuri. Picha ya hospitali ilizunguka kwenye simu za watu, baba kitandani na wanawe watatu wamesimama, na chini yake Daktari alikuwa ameandika: "Tulimuwahi. Asante Mungu. Wapendeni wazazi wangali hai." Shangazi walibariki mpaka wakachoka. Mwenyekiti alialikwa kanisani kwao kutoa ushuhuda kuhusu malezi ya wazee. Nakuja aliandika kwamba anakuja.

Alasiri moja jirani wa mtaa wa pili, mke wa muuza mkaa, alileta blauzi ya kubadilishwa vifungo. Aliketi kwenye kigoda, akamtazama fundi aliyekuwa ameinamia cherehani, akashusha sauti, ingawa fundi masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Nimeiona ile picha. Mama Vifungo, wewe umezaa! Siku hizi watu wanatupa wazazi wao, lakini wako wote watatu wakamkimbilia baba yao. Ni bahati iliyoje!"

Mama Vifungo alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa, akatunga uzi, akafunga fundo.

"Ni bahati kweli," akasema. "Wangekuwa wanne, tungekuwa tumeshamzika."